Miamba ya Busia na Malaba na elimu iliyomo makumbushoni

MSAFIRI anayesubiri kuvuka mpaka Malaba huona mbele yake, upande wa Uganda, mlima wa jiwe uliosimama peke yake juu ya mji wa Tororo. Akishuka kusini hadi Busia na kisha Funyula, hukutana na vilima vya Samia, ambavyo baadhi ya mawe yake ni mekundu na mazito kuliko yanavyoonekana. Amukura na Chelelemuk yapo majabali ya graniti yaliyopandana kana kwamba yamepangwa kwa mkono wa mtu.

Mawe hayo hayana umri mmoja wala asili moja. Ya Samia yamo katika miamba mikongwe zaidi Afrika Mashariki, yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.7. Jiwe la Tororo, likilinganishwa nayo, ni changa mno. Graniti ilipenya katikati ya miamba hiyo mikongwe ikiwa ingali uji wa moto, ikapoa polepole chini ya ardhi.

Wakazi wa mpakani huyafahamu mawe haya kwa matumizi: kokoto za ujenzi, mawe ya kusagia, dhahabu ya kuuza, saruji. Kuyafahamu kama elimu ni jambo jingine, na hapo ndipo makumbusho yanapohitajika. Jiwe lililochukuliwa bila kuandikwa lilikotoka hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, na katika eneo ambalo mawe huondoka kila siku kwa malori, hasara hiyo hutokea bila mtu kuitambua. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari; msemo huo wa wafanyabiashara unaihusu jiolojia moja kwa moja.

MADINI, MWAMBA NA KISUKUKU

Maneno haya matatu huchanganywa mara kwa mara. Madini ni kitu kigumu cha asili chenye muundo maalumu wa kemikali na chembe zilizojipanga kwa utaratibu. Kwatsi, chumvi ya mawe na dhahabu ni mifano. Mwamba ni mkusanyiko wa madini, aghalabu ya aina kadhaa. Graniti ina kwatsi inayofanana na kioo, feldispa nyeupe au ya waridi, na maika inayometameta.

Wanajiolojia huigawa miamba katika makundi matatu. Miamba moto hutokana na uji wa moto uliopoa, ama chini ya ardhi kama graniti, ama juu yake kama lava. Miamba mashapo hutokana na mchanga, tope, kokoto au chumvichumvi zilizotuama tabaka juu ya tabaka na kugandamana. Miamba geu ilikuwa ya mojawapo ya makundi hayo, kisha ikabadilishwa na joto na mgandamizo.

Kisukuku ni mabaki au alama ya kiumbe wa kale iliyohifadhiwa ardhini: mfupa, jino, jani, tunda, unyayo, hata kinyesi. Ili mfupa uhifadhiwe hauna budi kufunikwa mapema na tope, mchanga au majivu kabla haujaoza au kuliwa na fisi. Kisha maji yenye chumvichumvi hupenya ndani yake na kuujaza taratibu.

Kutokana na maelezo haya, mtu anaweza kujua mapema mahali pa kutafuta na mahali pa kutojisumbua. Graniti ya Amukura haiwezi kuwa na mfupa ndani yake, kwa kuwa ilikuwa moto. Mawe ya Samia nayo yalitokea wakati viumbe pekee duniani walikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, zaidi ya miaka bilioni 2 kabla ya mnyama wa kwanza mwenye mifupa. Anayedai kuuza mfupa wa dinosau uliochimbwa katika vilima hivyo anauza hadithi.

CHUMA CHA SAMIA NA DHAHABU YA BUSIA

Mawe mekundu ya Samia ni miamba ya chuma yenye mistari. Mstari wa chuma hufuatwa na mstari wa kwatsi laini, kisha wa chuma tena, kama kurasa za kitabu kilichofungwa. Miamba ya namna hiyo ilitandazwa chini ya bahari za kale ambazo maji yake yalikuwa na chuma kilichoyeyuka. Chuma hicho kilipoungana na oksijeni, kilituama chini kama kutu. Miamba kama hiyo, iliyo mikubwa zaidi, ndiyo leo hulisha viwanda vya chuma vya Australia na Brazil.

Muda mrefu kabla ya wanajiolojia kufika, wahunzi wa Samia walijua jiwe lipi lina chuma na lipi halina. Waliliyeyusha kwa makaa na mivuo, wakafua majembe yaliyouzwa katika nchi jirani za pwani ya Ziwa Victoria na kutumika hata katika mahari. Huo ulikuwa ujuzi wa madini uliokamilika: kuchagua, kupima kwa uzito na rangi, kuchoma na kufua. Jembe la Samia katika kabati la makumbusho linastahili kuwekwa pamoja na jiwe lililozaa chuma chake, kwa maana kimoja hakieleweki vyema bila kingine.

Miamba hiyohiyo mikongwe ina dhahabu. Ukanda wake unapita Kakamega, ambako wachimbaji walimiminika mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ambako mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi miaka ya 1950. Unaendelea magharibi hadi Busia na kuvuka mpaka kuingia wilaya ya Busia ya Uganda, ambako pia dhahabu huchimbwa. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukuugawa mwamba.

Dhahabu iliingia katika miamba hiyo kupitia nyufa. Maji ya moto yenye chembe za dhahabu na kwatsi yalipanda kutoka chini, yakapoa, na kuacha mishipa myeupe ya kwatsi yenye dhahabu ndani yake. Ndiyo sababu mchimbaji mdogo hufuata mshipa mweupe. Kwa mwanajiolojia, kipande cha mshipa huo kikiwa bado kimeshikana na mwamba wake kina thamani ya elimu ambayo dhahabu iliyokwisha kusafishwa haina tena.

TORORO, ELGON NA MAJIVU YALIYOHIFADHI MIFUPA

Jiwe la Tororo ni mabaki ya volkano, nalo si la kawaida. Lava nyingi duniani huwa na silika kwa wingi, lakini ya Tororo ilikuwa na kaboneti, yaani kemikali iliyomo katika mawe ya chokaa. Mwamba huo huitwa kabonatiti. Kwa sababu hiyo Tororo imekuwa na kiwanda cha saruji tangu miaka ya 1950, ingawa eneo hilo liko mbali na bahari ambako mawe ya chokaa huzoeleka. Vilima vya Sukulu vilivyo jirani vina fosfeti, inayotokana na madini ya apatiti. Madini ya jamii hiyohiyo ndiyo hujenga mifupa na meno ya binadamu.

Kaskazini umesimama Mlima Elgon, volkano iliyozimika ambayo kilele chake, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321. Ilianza kulipuka zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita. Katika pango la Kitum, upande wa Kenya, tembo huingia gizani kukwangua kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi, na ndani ya kuta hizo mna magogo ya miti yaliyogeuka mawe. Upande wa Uganda, katika eneo la Bukwa, mashapo yaliyofunikwa na mlima huo yametoa mifupa ya wanyama walioishi takriban miaka milioni 19 iliyopita.

Majivu ya volkano za aina ya kabonatiti huganda upesi kama saruji na hayana asidi ya kula mifupa. Volkano ya Kisingiri, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, ilimwaga majivu ya namna hiyo juu ya eneo ambalo leo ni kisiwa cha Rusinga. Humo yamehifadhiwa matunda, mbegu, wadudu na mafuvu ya wanyama wa takriban miaka milioni 18. Kwa hiyo mwanafunzi wa Malaba anayelitazama jiwe la Tororo anatazama ndugu wa miamba iliyohifadhi visukuku maarufu vya Rusinga.

SIMBA ALIYEKAA NDANI YA DROO

Wengi hudhani kwamba uvumbuzi hufanyika porini tu, kwa nyundo na jembe. Kisa cha Simbakubwa kinaonyesha vingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, watafiti walichimba Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, wakitafuta hasa mabaki ya sokwe wa kale. Mifupa mingine waliyoipata ilipelekwa Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ikaandikishwa na kuhifadhiwa. Miongo mitatu baadaye mtafiti Matthew Borths, akipekua mikusanyiko hiyo, alifungua droo iliyokuwa na mifupa ya fisi na kukuta taya lenye meno makubwa kupita ya simba yeyote.

Mwaka 2019 Borths na mwenzake Nancy Stevens walitangaza kwamba huyo alikuwa mnyama asiyejulikana hapo awali, wakampa jina la kisayansi lililotungwa kwa Kiswahili: Simbakubwa kutokaafrika. Aliishi takriban miaka milioni 22 iliyopita, na kwa ukubwa alimzidi dubu mweupe wa kaskazini. Licha ya jina lake hakuwa simba, wala hakuwa fisi. Alikuwa wa kundi la wala nyama lililotoweka lote bila kuacha kizazi.

Kisa hicho si cha pekee. Mwaka 1980 vipande zaidi vya kiunzi cha sokwe wa kale wa Rusinga, kilichopatikana mwaka 1951, vilitambuliwa ndani ya mkusanyiko huohuo wa Nairobi vikiwa vimechanganyika na mifupa ya wanyama wengine.

Taya la Meswa lingeweza kukaa drooni miaka mia bila kuharibika. Lililoliwezesha kuzungumza ni kwamba kumbukumbu zake zilikuwepo: mahali lilipochimbwa, tabaka lililolitoa na mwaka. Bila hayo, lingekuwa jino kubwa tu lisilo na umri wala nchi.

KIBANDIKO NA DAFTARI

Kila kitu kinachoingia makumbushoni hupewa namba ya usajili, nayo huandikwa mara mbili: juu ya kitu chenyewe kwa wino usiofutika, na katika daftari. Namba za Nairobi huanza na herufi KNM, kisha herufi za mahali. Kiunzi cha Mvulana wa Turkana, ambacho kipande chake cha kwanza kiligunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984 huko Nariokotome, kina namba KNM-WT 15000. Herufi WT humaanisha magharibi mwa Turkana, na RU humaanisha Rusinga.

Herufi ER humaanisha mashariki mwa Rudolf, jina la zamani la Ziwa Turkana. Ziwa lilibadilishwa jina katikati ya miaka ya 1970, lakini namba hazikubadilishwa, kwa sababu kuzibadilisha kungekata uzi unaounganisha kitu na daftari lake.

Watu wa Busia wana sababu ya kuuzingatia mfano huo. Hadi mwaka 1902 eneo lao lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda, kabla ya mkoa huo wa mashariki kuhamishiwa upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Jiwe lililochukuliwa kabla ya mwaka huo likiwa na kibandiko chenye neno "Uganda" pekee linaweza kuwa limetoka upande wowote wa mpaka wa leo. Jina la mahali bila tarehe halitoshi.

Daftari hulinda pia haki ya umiliki. Mnamo Oktoba 1948 Mary Leakey aligundua Rusinga fuvu la sokwe wa kale wakati huo akiitwa Proconsul. Fuvu lilisafirishwa Uingereza kwa uchunguzi, likabaki huko zaidi ya miaka 30. Kenya ilipolidai, barua za wakati ule zilionyesha kwamba lilitolewa kwa mkopo, na mwaka 1982 likarejeshwa Nairobi. Makaratasi yaliyotunzwa ndiyo yaliyolirudisha nyumbani.

KAKAPEL, SHULE ILIYO KARIBU

Kabla ya kufikiria safari ya mbali, wakazi wa Busia na Malaba wana mahali pa kujifunzia katika kaunti yao. Kakapel, katika vilima vya Chelelemuk, Teso Kaskazini, ni kivuli cha jabali la graniti chenye michoro ya kale. Ilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004 na iko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Michoro hiyo iko tabaka juu ya tabaka: maumbo ya duara na mistari yanayohusishwa na wawindaji wa kale, na picha za ng'ombe zilizochorwa na wafugaji waliofuata.

Chini ya jabali hilo, wachimbuzi wakiwemo Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na Steven Goldstein walichimbua udongo uliobeba dalili za makazi ya watu kuanzia takriban miaka 9,000 iliyopita. Udongo uliloweshwa na kukorogwa majini, makaa na mbegu zilizoungua zikaelea, zikakusanywa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kunde ya miaka 2,300 iliyopita, pamoja na wimbi uliokuwepo si chini ya miaka 1,000 iliyopita. Mtama pia ulipatikana.

Mbegu hizo si visukuku kwa maana kamili, kwa kuwa hazijageuka mawe. Ziliungua tu, na kuungua kukaziokoa zisioze. Lakini utaratibu wa kuzisoma ni uleule. Kila punje ilijulikana imetoka shimo lipi na kina kipi. Kama mtu angekuwa amechota udongo huo awali kutengenezea matofali, historia ya kunde inayoliwa hadi leo katika nyumba za Teso ingepotea pamoja nao.

JINSI YA KULITAMBUA JIWE

Makumbusho hutumia mitambo ghali, lakini vipimo vya awali viko ndani ya uwezo wa shule yoyote.

Ugumu. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga madini kumi kutoka lile laini hadi gumu. Talki ni 1, kalsaiti 3, apatiti 5, kwatsi 7, almasi 10. Ukucha wa mtu una takriban 2.5 na kisu cha chuma 5.5. Jiwe linalokwaruzwa kwa kisu haliwezi kuwa kwatsi.

Rangi ya unga. Jiwe husuguliwa nyuma ya kigae cha sakafuni, upande usiong'arishwa. Hematiti, moja ya madini makuu ya chuma, huacha mchirizi wa rangi ya damu ya mzee hata jiwe lenyewe likiwa jeusi. Dhahabu huacha mchirizi wa njano. Pairiti, ambayo imewadanganya wachimbaji wengi, huacha mchirizi mweusi.

Uzito. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji ya ujazo uleule; pairiti ni mara 5 tu. Aidha dhahabu ikigongwa hutandazika, ilhali pairiti hupasuka vipandevipande.

Sumaku. Magnetiti huvutwa na sumaku kwa nguvu. Hematiti halisi huvutwa kidogo au haivutwi kabisa.

Siki. Tone la siki kali juu ya unga wa jiwe la chokaa hutoa povu. Kwatsi haina habari nayo. Kipimo hiki hutenganisha mawe mawili meupe ambayo macho peke yake hayawezi kuyatenganisha.

Vipimo hivi vifanyike kwa kipande kidogo kilichomenyeka, kamwe visifanyike kwa kitu kinachodhaniwa kuwa kisukuku. Watoto wasipelekwe mashimoni kutafuta sampuli. Mashimo ya dhahabu huporomoka, na zebaki inayotumiwa kukamata dhahabu ni sumu inayodhuru ubongo, hasa mvuke wake inapochomwa.

MAHALI PA KUJIFUNZIA

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi ndiyo yenye mkusanyiko mkubwa zaidi wa visukuku nchini. Chimbuko lake ni mwaka 1910, wakati chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda kilipotafuta mahali pa kuweka sampuli zake. Jengo la sasa lilifunguliwa mwaka 1930. Sehemu kubwa ya visukuku vyake haiko katika maonyesho. Imo katika maghala wanamofanyia kazi watafiti kwa idhini.

Magharibi mwa Kenya kuna Makumbusho ya Kitale, yaliyotokana na mikusanyiko ya mlowezi Hugh Stoneham, na Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hayo ni ya karibu zaidi kwa mtu wa Busia anayetaka ushauri au aliyeokota kitu.

Kwa upande wa pili, Kampala iko takriban kilomita 200 kutoka Busia, karibu kuliko Nairobi kwa zaidi ya nusu. Makumbusho ya Uganda, yaliyoanzishwa mwaka 1908 na yaliyoko Kitante tangu mwaka 1954, yana mikusanyiko ya visukuku vya nchi hiyo. Tangu mwaka 2014 Wakenya watu wazima wanaweza kuingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Shule inayopeleka wanafunzi hailazimiki kubahatisha: walimu waulizie mapema hati za watoto katika kituo cha pamoja cha mpakani.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka mtu anayegundua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia au kisukuku kuyaarifu Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, akieleza mahali hasa na jinsi alivyokipata. Kukitoa nje ya nchi bila kibali ni kosa. Mtu wa mpakani akumbuke kwamba nje ya nchi huanza baada ya kizuizi cha Malaba au Busia. Hatua chache zinatosha kumfanya mwokotaji kuwa msafirishaji haramu.

Madini nayo yana sheria yake. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inayaweka mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi na inahitaji kibali kuyachimba kwa biashara au kuyauza nje. Mapato ya mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa. Jamii isiyojua mwamba wake una nini haina namna ya kujua kama sehemu yake imelipwa ipasavyo.

SANDUKU LA SHULE

Shule haihitaji jengo ili ianzishe mkusanyiko. Sanduku la mbao lenye vyumba, au trei za mayai, zinatosha kwa mawe ya kawaida yaliyookotwa kando ya barabara au penye machimbo ya kokoto kwa ruhusa ya mwenye shamba.

Kila jiwe lipewe namba kwa wino juu ya tone la rangi nyeupe. Daftari liandike namba hiyo, jina la kijiji na kilima, tarehe, jina la aliyeokota, kama jiwe lilikuwa limeshikana na mwamba au limelala juu ya udongo, na matokeo ya vipimo. Simu nyingi za siku hizi huonyesha majira ya mahali kwa tarakimu, nazo ziandikwe. Jiwe lililolala juu ya udongo linaweza kuwa limeletwa na mto, au na lori, na daftari lazima liseme hivyo.

Mawe matano yangetosha kuanzia: jiwe la chuma la Samia, kwatsi ya mshipa, graniti ya Amukura, lava ya Elgon na jiwe la chokaa kutoka dukani kwa mwuza vifaa vya ujenzi. Kwa hayo matano mwalimu anaweza kufundisha makundi ya miamba, vipimo vyote vilivyotajwa na historia ya karibu miaka bilioni 3.

Ikitokea mwanafunzi ameokota kitu kinachofanana na jino au mfupa uliogeuka jiwe, kisitiwe sandukuni wala kisisafishwe kwa brashi ya chuma. Kama bado kimeshikana na ardhi kiachwe hapohapo, kipigwe picha pembeni ya rula, mahali pawekwe alama, na habari zipelekwe kwa makumbusho ya karibu kabla ya siku 7 kwisha.